Gardone, Bonde la Wafua Mitutu

Atokaye mjini Brescia, kaskazini mwa Italia, akaufuata mto Mella kuelekea milimani, hachukui hata saa moja kufika Gardone Val Trompia. Bonde ni jembamba, na viwanda vimebanwa kati ya mto na mlima, ukuta kwa ukuta. Mgeni anayetazamia mandhari ya kuchorwa hatayapata hapa. Atakachokiona ni maghala, moshi wa mafuta ya mashine, na mikahawa midogo ambamo mafundi hunywa kahawa wakiwa wamesimama.

Chuma cha bonde hili kilichimbwa juu zaidi, huko Pezzaze na Collio, kikayeyushwa Tavernole, na maji ya Mella yakazungusha nyundo zilizokifua kuwa mitutu. Mwaka wa 1526, wakati Brescia ilipokuwa chini ya Venice, fundi Bartolomeo Beretta alilipwa dukati 296 na ghala la silaha la Venice kwa mitutu 185 ya bunduki za kale. Kampuni yenye jina la ukoo huo ingali Gardone hadi leo. Migodi imekwisha kufungwa. Ule wa Marzoli, Pezzaze, sasa huingiwa na watazamaji waliopanda gari-moshi dogo, nao watoto hupewa kofia ngumu na kufurahia giza ambamo babu zao walivunjika migongo.

Miongoni mwa kazi za Gardone leo ni bunduki za marisau kwa ajili ya uwindaji na mchezo wa kulenga visahani. Askari aliyezoea bunduki ya vita, yenye mikato ya mzunguko ndani ya mtutu na risasi moja iendayo pale ilipoelekezwa, hana budi kusahau kidogo aliyofundishwa. Mtutu wa marisau ni laini ndani. Ganda moja la gramu 28, lililojazwa marisau madogo ya namba saba na nusu, hutoa punje zipatazo 350, nazo hutawanyika kama mbegu zilizorushwa kwa mkono. Shabaha ni kisahani chenye upana wa milimita 110, kiitwacho cha udongo ijapokuwa hutengenezwa kwa lami na unga wa chokaa, kirukacho kwa kasi ya gari katika barabara kuu.

Kinachoamua punje zitawanyike kiasi gani ni choki, yaani kule kubanwa kwa mtutu karibu na mdomo. Madereva wanaijua choki ya injini, inayobana njia ya hewa. Hii nayo hubana njia ya marisau. Mtutu wa kawaida wa namba 12 una upana wa ndani upatao milimita 18 na nusu. Choki kamili huupunguza kwa takriban milimita moja, nusu choki kwa nusu milimita, na robo kwa robo yake. Unene wa ukucha tu! Hata hivyo, katika umbali wa mita 36 na nusu, choki kamili huweka kama asilimia 70 ya punje ndani ya duara la sentimita 76, nusu choki asilimia 60, na mtutu usio na choki asilimia 40.

Na tupige hesabu. Kisahani kikionyesha uso wake wote katika umbali huo, choki kamili hukifikishia wastani wa punje tano, na mtutu usiobanwa punje tatu. Kikionyesha ubavu tu, ambao ni mwembamba kama vidole viwili, cha kwanza hupata punje moja na nusu, na cha pili hata moja haitimii. Hapo huonekana kwa nini mtu mwenye jicho zuri aweza kukosa bila kosa lake. Lakini katika mita 18 mambo hugeuka: choki kamili hukusanya punje katika fungu dogo mno, na mpigaji aliyekosea kidogo tu hukosa kabisa.

Zamani fundi wa Gardone alikereza choki katika mtutu wenyewe, na mwenye bunduki akaishi nayo maisha yake yote. Wazo la ncha ya kuvuliwa lilikuwapo mapema. Mmarekani Sylvester Roper aliliandikisha mwaka wa 1868. Baadaye Kanali Richard Cutts, wa askari wa majini wa Marekani, alibuni kifaa cha mdomoni cha kupunguza teke la silaha. Kikafungwa kwenye bunduki ya rashasha ya Thompson, na cha aina hiyo kikatiwa kwenye bunduki za marisau pamoja na mirija ya kubadilishwa. Kilifanya kazi, ingawa kilikuwa na sura ya chupa iliyochomekwa mdomoni mwa bunduki.

Siku hizi mrija huingia ndani ya mtutu kwa hesi. Kuna unaokaa sawasawa na mdomo, usioonekana kwa nje, ambao hufunguliwa kwa ufunguo wake na hutambulikana kwa mikato ya ukingoni: katika mirija ya Beretta mkato mmoja ni choki kamili, na mitano ni mtutu usiobanwa. Kuna pia uchomozao nje, wenye ukingo wa kushikwa kwa vidole, ambao hubadilishwa upesi na husomeka kwa rangi. Wa kwanza huiacha bunduki nyepesi kichwani na nzuri machoni. Wa pili huongeza uzito mbele, jambo ambalo wengine hulipenda kwa kuwa mtutu huendelea kuzunguka bila kusita. Kwa mchezo wenyewe, uchomozao ndio bora. Kwa mwindaji atembeaye mlimani kutwa nzima, mtutu wa kale uliokerezwa ungali mwepesi kuliko yote.

Jambo moja halina mzaha. Mirija haioani. Hata nyumba moja ya Beretta ina Mobilchoke, Optimachoke na Optimachoke HP, na wa huyu hauingii kwa huyu. Mrija usiokaza, au mtutu uliopigwa bila mrija wowote, huharibu hesi na waweza kupasua mdomo wa bunduki. Kwa hiyo katika viwanja vya mkoa wa Brescia bunduki hufunguliwa kwanza, maganda hutolewa, matundu yote mawili hutazamwa, ndipo ufunguo huguswa.

Viwanja hivyo hujaa siku ya Jumapili. Kile cha Lonato, karibu na ziwa Garda, kilipokea mashindano ya dunia mwaka wa 2005 na tena 2019. Familia huja pamoja, na mezani huwapo polenta, ambayo mpishi wa Afrika Mashariki angeitambua mara moja kuwa ni ugali wa mahindi, pamoja na nyama iliyochomwa taratibu kwa saa nyingi kwenye vijiti. Vijana hubadilisha mirija kila kituo. Wakongwe aghalabu hutia robo chini na nusu juu, kisha huiacha hadi jioni, na mara nyingi ndio wanaovunja visahani vingi zaidi, maana fikra zao zimebaki kwenye shabaha. Wao pia ndio waliokwisha kupiga kwenye karatasi kubwa na kuhesabu matundu kwa kalamu. Maandishi ya ukingoni mwa mrija hayawatoshi, kwani ganda likibadilishwa, hesabu nayo hubadilika.

Tangu tarehe 15 Februari 2023 Umoja wa Ulaya umekataza marisau ya madini ya risasi katika ardhi oevu na kandokando yake. Punje za chuma zilizochukua nafasi yake ni ngumu, hazibonyei, na zile kubwa zikipita katika choki kamili zaweza kuuvimbisha mtutu. Mwenye mirija hutia mpana, kazi ikaisha. Mwenye bunduki ya baba yake, iliyokerezwa choki kamili, huipeleka kwa fundi kuuliza kama mdomo waweza kutiwa hesi. Fundi hupima unene wa ukuta wa mtutu. Ukitosha, bunduki huchongwa na kurudishwa kwenye ofisi ya majaribio ya Gardone, ambako hupigwa kwa maganda yenye nguvu kuliko ya kawaida kabla ya kugongwa muhuri. Usipotosha, fundi huifuta kwa kitambaa chenye mafuta, huifunga, na kumrudishia mwenyewe bila kudai malipo.