Waya mweusi, waya mweupe

Sanduku lilikuwa juu ya meza ya sebuleni, saa yake nyekundu ikihesabu kurudi nyuma kutoka dakika tano. Upande mmoja wa pazia alikaa baba, vidole vyake vikiwa kwenye nyaya. Upande wa pili alikaa binti yake wa darasa la saba, ameshika karatasi za maelekezo.

"Baba, chomoa waya mweusi!"

Baba akachomoa mweupe. Sanduku likapiga king'ora.

"Mweusi, Baba! Mweusi!"

Akachomoa mweupe mwingine. King'ora tena. Binti akazitupa karatasi chini. "Baba hataki kucheza. Hata nikimwamkia haitikii."

Nyumba hii ipo Shinyanga mjini, lakini kwa zaidi ya miaka kumi baba alikuwa akitafuta riziki Geita, kwenye makarasha yanayosaga mawe ya dhahabu. Alirudi nyumbani akiwa mtu wa maneno machache. Mkewe alizoea kupaza sauti, na redio ilifunguliwa hadi majirani wakasikia taarifa ya habari. Watoto waliona kwamba machimbo yamemfanya baba yao mkali.

Sanduku lilikuwa kazi ya kaka mtu, anayesoma ufundi umeme. Alilitengeneza kwa kuiga mchezo wa kompyuta uitwao Keep Talking and Nobody Explodes, uliotolewa mwaka 2015 na kampuni ya Steel Crate Games ya Canada. Katika mchezo huo mtu mmoja analiona bomu lakini hajui la kufanya. Wenzake wana kitabu cha maelekezo lakini bomu hawalioni. Silaha yao ni mdomo na masikio tu. Wakikosea mara tatu, au muda ukiisha, bomu linalipuka.

Kijana hakuwa na kompyuta ya kuuchezea, ila maelekezo yake hupatikana bure mtandaoni. Akanunua kibao cha Arduino, kompyuta ndogo inayotoshea kiganjani, na saa ya tarakimu. Vitufe na king'ora alivitoa kwenye redio mbovu. Kila waya aliuunganisha na kibao, akaandika programu inayotambua ni upi umechomolewa. Mama alikuwa na sharti moja: hakuna kuliita bomu, kwa kuwa katika ukanda huu baruti si mchezo. Likaitwa "sanduku".

Jioni ile kijana alidhani amekosea kuunganisha. Akalifungua, akapima waya mmoja mmoja. Halikuwa na kosa. Ndipo akajaribu jambo jingine: akaliondoa pazia na kumwomba mdogo wake arudie maneno yaleyale akiwa ametazamana na baba.

"Waya mweusi."

Baba akachomoa mweusi.

Pazia liliporudishwa, makosa yakarudi. Sita ikawa tisa, mweusi ukawa mweupe. Kumbe siku zote baba alikuwa akisoma midomo ya watu, na huenda mwenyewe hakujua.

Kwenye kliniki ya masikio, kipimo kilieleza yaliyobaki. Ndani ya sikio kuna seli ndogo zenye vinyweleo vinavyopokea mtikisiko wa sauti. Kelele kubwa ya muda mrefu huziua, na zikifa hazioti tena. Kwa kawaida sauti nyembamba ndizo hutangulia kupotea, zikiwamo za herufi kama s, p, t na f. Mgonjwa husikia kwamba mtu anaongea, lakini hapati neno lililosemwa. Ndiyo maana wengi husema, "Nasikia, ila hamtamki vizuri."

Wataalamu wa afya kazini huhesabu desibeli 85 kwa saa nane kuwa kikomo, na drili ya kutoboa mwamba hupita 100. Mchimbaji asiye na kipimo anaweza kujipima hivi: ukilazimika kupaza sauti ili mtu aliye umbali wa mkono akusikie, kelele hiyo imezidi. Vizibo vya masikio ni kinga, na kupumzika mbali na mashine husaidia. Kinachofanya wengi wachelewe ni kwamba uziwi wa aina hii mara nyingi hauna maumivu.

Na machimboni sikio ni uhai. Oktoba 2015, mwezi uleule mchezo ule ulipotoka kwa kompyuta, wachimbaji walifukiwa katika mgodi wa Nyangalata, wilayani Kahama. Watano waliokolewa Novemba baada ya siku 41, wenzao waliposikia sauti zao kutoka chini ya ardhi. Huko chini asiyesikia onyo huchelewa kukimbia.

Baba alishauriwa kutumia kifaa cha kusaidia kusikia, na familia bado inakusanya fedha za kukinunua. Wakati wanasubiri, watoto wameandika upya karatasi za maelekezo. Waya mweusi sasa unaitwa "mkaa" na mweupe "maziwa". Tisa imekuwa "kenda", kama walivyohesabu wazee. Kabla ya kusema neno, msomaji hugonga meza mara moja, na baba hurudia alichosikia kabla ya kugusa chochote.

Wiki iliyopita walilifungua sanduku zikiwa zimebaki sekunde 11.

Asubuhi yake binti alitoka chumbani akamkuta baba uani, amempa mgongo. Zamani angeamkia kutoka mlangoni na kupita zake, moyoni akinung'unika. Safari hii alizunguka, akasimama mbele yake, akasubiri mpaka macho yakakutana.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu."