Ngeli Ndani ya Msimbo

Kisa hiki kilianzia Rabai, kwa shangazi yangu, mwekahazina wa chama kidogo cha akiba cha wauza nazi. Hesabu za chama zilikuwa zikiandikwa daftarini. Mimi ndimi niliyemshawishi ahamie kwenye tarakilishi (au kompyuta, wasemavyo ndugu zetu wa Tanzania, ugomvi huo nawaachia wahariri), akitumia programu huria isiyolipiwa, ambayo wajitoleaji walikuwa wamekwisha kuitia Kiswahili.

Siku moja mzee mmoja aliyekuwa akihamia Mariakani aliomba aondolewe orodhani. Shangazi akabofya. Kiwamboni likatokea jina la mzee, likifuatwa na neno moja: “limefutwa”. Mzee, aliyesimama nyuma yake, akasoma, akanyamaza, kisha akauliza, “Yaani leo mimi ni jitu?” Vijana wakacheka. Yeye hakucheka. Alichukua akiba yake akaondoka bila kuaga, na lawama zote zikanishukia mimi.

Sisi wanafunzi wa sarufi twajua kilichotokea. Mfasiri alipewa kipande cha sentensi chenye pengo la kujazwa na mashine. Akafikiria faili, akaandika “limefutwa”. Hakujua kwamba pengo lile lile lingejazwa majina ya watu. Kiingereza hakina shida hiyo, kwani kitenzi chake hakibebi kiambishi cha ngeli.

Msimbo wa programu huria u wazi: yeyote aweza kuusoma, kuurekebisha na kuwapelekea watunzaji wake marekebisho yake. Nami nilijifunza kwa usiku mwingi, nikapeleka jedwali la ngeli ili mashine ijichagulie kiambishi. Nilijivuna sana. Mkaguzi akauliza kwa nini lugha moja iusumbue msimbo mzima. Nikamwandikia: faili limefutwa, kitabu kimefutwa, risiti imefutwa, mwanachama ameondolewa. Aliyenielewa kwanza alikuwa Mfaransa, maana lugha yake nayo hulibadilisha neno hilo kwa kufuata jinsia ya nomino.

Nilipokuwa nikingoja uamuzi, nilimkumbuka Krapf, aliyeanzisha makao yake hapa Rabai pamoja na Rebmann mwaka 1846. Sarufi yake ya Kiswahili ilitoka 1850, na kamusi yake 1882, baada ya kifo chake. Naye alikuwa na kazi ya kuwaeleza wageni upatanisho huu huu, tena bila umeme. Karibu na wakati wetu, mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Njia ilikwisha kufyekwa.

Jedwali langu lilikataliwa, na nakiri kwamba lilistahili kukataliwa: lingetaka kila nomino mpya iandikishwe ngeli yake na watu wasiojua ngeli ni nini. Badala yake, walitaka kila tukio lipewe sentensi yake kamili, ili mfasiri aione nzima. Niliandika upya, mistari isiyozidi arobaini, ikapokewa.

Mwezi uliopita nilimwekea shangazi toleo jipya. Alijiondoa mwenyewe kwa majaribio, akasoma “ameondolewa”, akaguna, akajirudisha. Mzee yuko Mariakani bado. Nimempelekea salamu mara mbili.