Nafasi ipo, ila haikaliki

Wadau, nimeadimika, najua. Siku tatu hizi napigana na laptop yangu, ile ya mtumba mnayoicheka kwa kelele za feni.

Kisa chenyewe: msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma Oktoba 14, 2025, na Windows 11 inaikataa mashine yangu kwa uzee. Nikasema basi, naweka Linux Mint pembeni na Windows ibaki, kila moja na chumba chake. Maana humo kwenye Windows ndimo ilimo ripoti yangu ya mazoezi ya kufundisha na maandalio yote ya masomo. Kopi nyingine? Sina. Mwalimu mtarajiwa huyo!

Nikapunguza C, nikapata GB 60 tupu. Nikachomeka flashi ya Mint, kufika kwenye kugawa diski, zile GB 60 naziona kabisa lakini zimeandikwa hazitumiki. Jamani, nafasi tupu inakuwaje haitumiki? Nikazima na kuwasha mara nne, kama vile ingenionea huruma.

Nikarudi Windows niunde patisheni kule kule. Likaja onyo refu kwamba diski itageuzwa kuwa ya dainamiki. Kidole kipo tayari kwenye kukubali (nani husoma maonyo?), rumeti akapiga kelele toka kitandani: "Oya, soma kwanza!" Tukasoma. Kumbe ukikubali, mfumo mwingine hautawaka tena kwenye diski hiyo, Windows tu. Yaani ningejifungia mlango mwenyewe.

Hapo ndipo tukahesabu. Diski yangu imepangwa kwa mtindo wa zamani, MBR, unaoruhusu patisheni kuu nne tu. Na nne zilishajaa: ya kuwashia, C, ya kurejesha mfumo, na kengine kadogo ka tangu kiwandani ambako sijawahi kukafungua. Yangu ingekuwa ya tano. (Wenye mashine mpya za GPT hamna shida hii, kwa kawaida zinabeba hadi 128.) Dawa ni kufuta moja, kisha zile GB 60 ziwe patisheni ya nyongeza, ambayo ndani yake unapanga nyingine kadhaa.

Kabla ya kufuta nilikimbia chumba cha jirani kuazima flashi, nikahamisha kila kitu. Hata hivyo, nilipokafuta kale kadogo kwa GParted nilifumba macho.

Safari hii Mint ikakubali. Kuwasha, majina mawili yakatokea kwenye skrini. Nikachagua Windows kwanza, roho mkononi. Ripoti ikafunguka, na yale makosa yangu ya tahajia yote yapo salama.

Ila Mint inaisoma C tu, haitaki kuandika humo. Rumeti anasema Windows haizimi kabisa, inasinzia, mpaka niondoe ule mpangilio wa kuwaka haraka. Hiyo kesho. Flashi ya watu inatakiwa asubuhi.