Tambuu, Umri na Saratani ya Kinywa



Sisi tunaoshona nguo za harusi tunasikia mengi biharusi anapokuja kupimwa. Suala moja linajirudia: "Bibi yangu ametafuna tambuu miaka hamsini, mbona hana kitu?"

Alhamdulillah bibi ni mzima. Lakini hebu tuelewe saratani inavyoanza. Ngozi laini ya ndani ya kinywa hujifanya upya kila siku. Seli zilizochakaa hutoka, nyengine hugawika kuziba nafasi. Ni kama fundi anayekata nguo kwa kufuata kipande alichokikata mwisho, badala ya kile cha kwanza: kila mara mkasi unapotoka kidogo. Mwili hurekebisha makosa mengi, ila si yote, na yanayobaki hukusanyika mwaka hadi mwaka. Ndiyo maana saratani nyingi huwapata watu wazima. Umri hatuwezi kuuzuia.

Popoo ni jambo jengine. Mwaka 2004 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilichapisha hitimisho kuwa popoo husababisha saratani kwa binadamu, hata ikitafunwa bila ya tumbaku. Ukitia tumbaku, hatari huzidi. Popoo na chokaa huchubua ngozi ya shavu kila siku, seli zikalazimika kugawika zaidi ili kuponya, na huku kemikali za popoo zinaziharibu. Makosa ambayo umri ungeyaleta polepole, kijaluba kinayaharakisha.

Basi tupige hesabu. Biharusi wa miaka 22 akianza leo, akifika miaka 50 kinywa chake kitakuwa kimebeba popoo kwa miaka 28. Si kila anayetafuna huugua, na bibi huenda ni miongoni mwa waliosalimika. Lakini kusalimika kwake si dhamana yetu sisi. Anayeacha, hata kama ametafuna muda mrefu, hatari yake hupungua kuliko ya anayeendelea.

Tuwatazame na mama zetu, kwa upole, bila ya kuwakemea mbele za watu. Kidonda cha mdomoni kisichopona kwa wiki mbili, doa jeupe au jekundu lisiloondoka, uvimbe, au mdomo unaokaza ukashindwa kufunguka vizuri: twende nao kwa daktari wa meno. Tusingojee maumivu, kwani mara nyingi mwanzoni hayapo.

Na sinia la harusi? Tulipambe kwa asumini na mlangilangi, tuweke iliki ya kutafuna. Harufu nzuri itabaki, na heshima ya wageni pia. Popoo tuiache dukani.

Mwili ni amana, dada zetu. Mwenyezi Mungu atupe umri mrefu wenye afya. Amin.