Rangi Iliyozuia Sauti

Mimi ni dereva wa Kapalamsenga, kando ya Ziwa Tanganyika. Zamani, kabla ya simu za mkononi, nilifunga redio ya upepo katika Landrova ya kazini. Antena niliifunga kwenye bampa, nikakaza nati, nikaridhika.

Siku moja ya masika tulimpeleka mama mjamzito Mpanda. Tukakwama matopeni. Lori lenye minyororo lilikuwa limetutangulia kidogo. Niliita, nikaita tena. Kimya. Bibi wa mgonjwa akauliza, "Mwanangu, chombo hicho ni cha nini?" Sikuwa na jibu. Tulisukuma gari mpaka usiku. Mama alijifungua salama, lakini mimi sikulala.

Kesho yake fundi aliniuliza, "Ulikwangua rangi?" Sikukwangua. Rangi hutenga antena na bodi, na bodi ya gari ni nusu ya pili ya antena. Tukahamisha antena katikati ya paa, tukakwangua pale mpaka chuma kikang'aa. Tulipopima kwa mita, ilikuwa ndefu mno. Tukaipunguza kidogo kidogo, tukipima kila mara, kwa maana nguvu zinazorudi redioni huweza kuiunguza.

Kisha nikamwita dereva wa lori, ng'ambo ya kilima. Akajibu!

Ndugu msomaji, chombo cha kuombea msaada hujaribiwa nyumbani, si matopeni.