Kuhariri Video za Masomo: Niliyojifunza kwa Kukosea

Miaka minne iliyopita nilipewa na idara yangu kazi ambayo sikuiomba. Chuo kilikuwa kimepata kamera ndogo ya video pamoja na kompyuta moja, na ikaonekana yafaa masomo ya wanachuo waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha yapigwe picha, ili wenzao wayatazame na kuyajadili. Jambo hili si geni katika malezi ya walimu. Chuo Kikuu cha Stanford, huko Marekani, kilianza kulijaribu katika miaka ya 1960: mwanachuo hufundisha somo fupi mbele ya wanafunzi wachache, hujitazama katika picha, hukosolewa, kisha hufundisha tena. Aliyekuwa mgeni ni mimi. Nilikuwa na stashahada yangu ya ualimu na miaka kadhaa ya kufundisha Hisabati, lakini sikupata kuunganisha hata picha mbili zikafuatana.

Makala haya basi si mwongozo kamili wa uhariri. Nawaandikia wanachuo ambao punde au baadaye watapewa kazi kama hiyo shuleni kwao, kwani siku hizi simu ya mwalimu hupiga picha zinazosogea, na programu wanazotumia mafundi wa sinema zinaweza kupatikana hata kwa mtu asiye na fedha. Programu niliyojifunzia mimi yaitwa DaVinci Resolve, ya kampuni ya Blackmagic Design ya Australia. Toleo lake la kawaida hutolewa bila malipo, nayo programu hiyo imejipatia sifa kubwa katika sinema, hasa kwa kazi ya kurekebisha rangi.

Kutolipa si kutogharimika. Kompyuta yetu ilikuwa na kumbukumbu ya gigabaiti 8, ilhali watengenezaji hushauri isipungue 16, na kwa sababu hiyo kila nilipochezesha somo picha zilikwamakwama. Majuma mawili nilidhani kosa ni langu. Dawa yake ni kuiamuru programu itengeneze nakala nyepesi za vipande vyote, uhariri ukafanyika kwa nakala hizo. Wakati wa kutoa filamu ya mwisho, programu huzirudia picha za asili.

Kosa la pili lilikuwa langu kweli. Nilinakili picha kwenye diski ya kuchomeka, nikahariri kwa siku tatu, kisha nikaichomoa diski ile nikamwazima mwenzangu. Niliporudi kazini, mahali pa wanafunzi na ubao palikuwa pekundu, pamoja na maandishi ya kunijulisha kwamba picha hazipo. Jasho lilinitoka. Kumbe programu ya namna hii haizimezi picha. Huandika tu kwamba kipande fulani kimo katika folda fulani, kianzie sekunde hii na kiishie sekunde ile. Ukiihamisha folda, anwani inabaki bila nyumba. Diski iliporudishwa, kila kitu kikarudi mahali pake.

Tafadhali, ndugu mwanachuo, lizingatie jambo hili, maana nitalirudia. Wahariri wa zamani hawakuwa na bahati hiyo. Filamu ya sinema ilikatwa kwa chuma na kuungwa kwa gundi. Mashine ya video ya Ampex iliyotoka mwaka 1956 ilitumia utepe wenye upana wa inchi 2, na mhariri aliukata kwa wembe huku akitafuta mahali pa kukata kwa hadubini, kwa kuwa picha iliyo ndani ya utepe wa sumaku haionekani kwa macho matupu. Aliyekosea, alikosea. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, zilipoanza kutumika mashine za kuhariri kwa kompyuta kama ile ya Avid, kukata kumekuwa ni kuandika tu. Kipande ulichokiondoa hakiendi popote, kimefichwa.

Vidole vikishazoea, kazi huenda upesi. Herufi L huendesha picha mbele, J huirudisha nyuma, K huisimamisha. I huweka alama ya mwanzo wa kipande na O ya mwisho wake. B huugeuza mshale kuwa wembe. Lakini kabla ya yote hayo, chagua idadi ya fremu, yaani picha tuli zinazopita katika kila sekunde, kwa sababu mstari wa muda ukishapokea vipande, idadi hiyo haibadilishwi. Nchi zetu zilifuata mfumo wa televisheni wa PAL, wenye fremu 25. Simu nyingi hupiga 30, tena si 30 kamili wakati wote, na hapo ndipo sauti ya mwalimu huanza kuachana na midomo yake. Rekodi sauti kwa maikrofoni iliyo karibu naye, na mwambie apige kofi moja mwanzoni, ili upate alama ya kulinganishia picha na sauti.

Nakiri kwamba miezi ya mwanzo nililewa madoido. Programu ina mamia yake: ukurasa unaojikunja, mraba unaozunguka, mwanga unaolipuka, picha inayoyeyuka ndani ya nyingine. Kwa desturi ya sinema, kuyeyusha picha humwambia mtazamaji kwamba muda umepita; nami niliyeyusha kati ya swali na jibu lake! Mkuu wa idara alitazama somo langu la kwanza, akauliza harusi ni ya nani. Sikufurahi siku ile, lakini tangu hapo natumia mkato wa kawaida, na doido moja tu kwa sababu moja tu. Rangi ni jambo jingine. Chumba chenye dirisha upande mmoja huwafanya watoto wa upande wa pili waonekane vivuli, na kuwainulia mwanga kidogo si pambo, ni haki yao ya kuonekana.

Mbinu iliyonifaa kuliko zote haina umaridadi wowote. Ni kuacha sauti itangulie picha, au ibaki baada ya picha kuondoka. Mwalimu anauliza swali; mtazamaji anaendelea kulisikia, lakini macho yake yamekwisha kuhamishiwa kwa watoto wanaolisikiliza. Filamu za masomo nilizozizoea mimi humtazama mwalimu tu, kana kwamba kujifunza hutokea ubaoni.

Sasa nifike kwenye somo lililonifanya niandike.

Mwanachuo mmoja wa kike, wa mwaka wa pili, alikuwa akifundisha sehemu katika Darasa la Nne. Tulikuwa tumeomba idhini ya mwalimu mkuu na ya wazazi, na tuliahidi kwamba picha hazitatoka nje ya chuo. Ahadi hiyo naiona ni sharti, si adabu tu. Aliuliza: kati ya robo na theluthi, ipi kubwa? Mikono ikanyoshwa, watoto wakinong'ona robo, robo, kwa kuwa 4 ni kubwa kuliko 3. Hakuwachagua. Alimwita msichana wa dawati la tatu ambaye hakunyosha mkono. Mtoto akasimama, akatazama dari, akatazama meza, vidole vyake vikikatakata kitu kisichoonekana. Mwalimu alinyamaza. Kisha mtoto akajibu: theluthi, kwa sababu muhogo umekatiwa watu watatu tu.

Kimya kile kilikuwa cha sekunde 11. Darasani hukukihisi, kwenye kompyuta kilikuwa kirefu kama safari. Fremu 275 ambazo hakuna kinachotendeka! Nikashika wembe. Nilibakiza sekunde 2, na ili mruko usionekane, nikafunika mahali pa mkato kwa picha ya mvulana anayefunua daftari, niliyoipiga karibu nusu saa kabla. Ilikaa vizuri ajabu. Swali, daftari, jibu.

Nilipomwonyesha yule mwanachuo, alisema kwa upole, "Mwalimu, hapa nilingoja."

Nikamjibu kwamba filamu haiwezi kungoja. Hakusema tena. Mwanachuo hasemi mara mbili mbele ya mkufunzi wake, nami nilihesabu kunyamaza kwake kuwa ni kukubali.

Filamu ile ilionyeshwa kwa wanachuo wa mwaka wa kwanza, ikasifiwa. Miezi miwili baadaye nilikwenda kuwakagua katika mazoezi ya kufundisha. Katika shule ya kwanza nilimkuta kijana mwenye sauti nzuri na zana za kutosha. Aliuliza swali, akataja jina la mtoto, na kabla mtoto hajainuka vizuri akasema, "Mwingine! Nani amsaidie mwenzake?" Akafanya hivyo kipindi kizima. Wachache wa mbele walijibu kila kitu, na watoto walioitwa kwanza waliketi wakiwa wameinamisha vichwa. Baada ya somo nilimuuliza kwa nini hawapi nafasi ya kufikiri. Alishangaa kweli. "Lakini Mwalimu, katika filamu ya sehemu mtoto alijibu papo hapo. Nilidhani swali likiwa zuri, jibu haliwi mbali."

Siku ile sikuweza kumpa alama ya swali na jibu katika fomu yangu ya ukaguzi. Ningekuwa najipa mwenyewe.

Mtafiti wa Marekani aitwaye Mary Budd Rowe alichapisha katika miaka ya 1970 uchunguzi wake wa masomo ya sayansi katika shule za msingi. Aliona kwamba walimu, baada ya kuuliza, hungoja kwa wastani sekunde 1 tu au pungufu. Na wakijizoeza kungoja 3 au zaidi, majibu hurefuka, wanaoshindwa kujibu hupungua, na watoto waliodhaniwa wazito huanza kusema. Nilikuwa nikiwafundisha wanachuo matokeo hayo kila mwaka. Niliwafundisha asubuhi kwa chaki, mchana nikawakatia kwa wembe.

Tena kuna suala la yule mvulana wa daftari. Huko Moscow, baada ya mapinduzi ya 1917, Lev Kuleshov, ambaye naye alikuwa mwalimu wa chuo, chuo cha filamu, aliwaonyesha watu uso ule ule wa mwigizaji mmoja, ukifuatana mara na bakuli la supu, mara na jeneza, mara na mwanamke. Yasimuliwa kwamba watazamaji waliusifu uso ule kwa kuonyesha njaa, huzuni na mapenzi, ingawa haukubadilika hata kidogo. Wahariri wote hutumia siri hiyo. Katika hadithi ya kubuni ni sanaa. Katika somo linaloonyeshwa kama jinsi lilivyotokea, nilikuwa nimewaambia wanachuo kwamba darasa zima lilikuwa kwenye madaftari wakati ambapo, kwa kweli, darasa zima lilikuwa likimtazama msichana mmoja akifikiri.

Niliurudia mradi usiku. Kama ningekuwa na utepe wa Ampex, kimya kile kingekuwa kimekwisha tupwa. Nilimwondoa mvulana, nikashika ukingo wa kipande kwa mshale nikauvuta kulia, na msichana akarudi fremu kwa fremu: dari, meza, vidole. Zote 275 zilikuwapo. Kazi hiyo haikuchukua dakika 5.

Kumwomba radhi yule mwanachuo kulichukua muda mrefu zaidi, maana alikuwa amekwisha hitimu, na ilinibidi nipige simu. Alicheka. Akaniuliza kama sauti ya kuku waliokuwa nje imebaki. Nikamwambia imebaki.

Siku hizi bado nakata. Somo la dakika 40 haliwezi kuonyeshwa lote katika kipindi cha dakika 40 na bado likajadiliwa. Hapana budi kuchagua. Naondoa kufuta ubao, kugawa vitabu, na maelezo yaliyorudiwa, na kila nilipoondoa naweka skrini nyeusi kwa nusu sekunde pamoja na maandishi ya kusema zimeachwa dakika ngapi. Mafundi wataona ni ushamba. Kati ya swali na jibu sikati kabisa.

Nilipoionyesha filamu mpya kwa mara ya kwanza, ukumbi ulikuwa na wanachuo kama 60. Swali likaulizwa, msichana akasimama, kimya kikaingia. Sekunde ya nne au ya tano hivi, kijana aliyekuwa karibu na kompyuta aliinuka kuitazama, akidhani imekwama.

"Haijakwama," nikamwambia. "Kaa umtazame vidole."