Moshi wa Chupa

Macho ya mama yetu ni mekundu daima, wala si kwa kilio, bali kwa moshi. Sisi tuliozaliwa kando ya Ziwa Viktoria twajua kazi ya kubanika sato: mwanamke huinama juu ya uchanja tangu alfajiri, akichochea kuni mbichi, na kifua chake hulipa.

Basi mwaka jana ndugu yetu mmoja alirudi kutoka Marekani, akatuletea chupa ndogo ya maji yenye rangi ya chai, akasema ni moshi. Tulicheka, kumbe ni kweli. Vipande vya kuni huunguzwa penye hewa haba, na moshi wake hupitishwa katika mabomba yaliyopozwa hata ukageuka matone, kama mvuke ugeukavyo chini ya kifuniko cha sufuria. Lami huachwa itue, ikaondolewa. Husimuliwa kwamba Ernest H. Wright wa Kansas City, aliyeanza kuuza maji hayo mwaka 1895, alikumbuka matone meusi aliyoyaona ujanani yakidondoka kutoka bomba la jiko.

Tukawaza, sasa mama atapumzika. Tukapaka samaki sita, tukawatundika kivulini, tukamzuia asiwashe moto. Jioni tulimpika mmoja, naye alikuwa na ladha ya moshi hasa. (Matone machache yatosha, sisi tulimimina bila kipimo, na uchungu ulikaa ulimini hata asubuhi.) Siku ya tatu waliosalia walikuwa na funza.

Mama hakutukemea. Alisema tu, “Mwanangu, moshi wako wanukia vizuri, lakini moto ulikuwa wapi?”

Tuliona aibu, sisi tufundishao watoto wa watu. Moto wa polepole ndio ukaushao maji yaliyomo katika nyama ya samaki. Chupa yaleta ladha, haikaushi kitu. Tena ina mashaka yake: mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulikataa kuongeza muda wa ruhusa ya aina 8 za moshi wa namna hii, kwa kuwa wataalamu hawakuweza kuondoa shaka kwamba zadhuru chembe za urithi mwilini.

Chupa ingali rafuni, na mara mojamoja mama hutia matone mawili katika maharagwe. Likizo iliyopita tulimjengea tanuri ya udongo yenye mlango na dohani, moshi upande juu ya paa. Macho bado ni mekundu, ila usiku hakohoi kama zamani.